Kungu Sita

4 Machi

Dada Wino,

Salamu zipo, nitaziweka mwisho nafasi ikibaki. Mama hali. Usisome haraka kama unavyosoma barua zangu zote: sisemi hali ya mama, nasema mama hali chakula. Wiki ya tano sasa tangu kiharusi. Uji naumimina kwa upande wa mdomo unaofanya kazi, unatokea upande usiofanya kazi, naye ananitazama kama mtu anayengoja mvua iishe. Daktari alimshika koo, akammulika kwa tochi, akasema koo halina kosa. "Anaweza kumeza. Hataki. Mtafutieni kitu atakachokitaka, na msichelewe, maana hana tena cha kupunguza."

Maneno yake yamekatika katikati. Maji ni "ma," mlango ni "mla," mimi ni "Kiji." Lakini juzi asubuhi alitamka neno zima: "Tambi." Nikakimbia kupika tambi za sukari. Akageuza uso. Nikapika za maziwa. Akageuza uso. Halafu akauinua mkono wa kushoto, akauweka juu ya kichwa chake, akaupandisha, akaupandisha tena. Nilidhani anaumwa kichwa. Nimekuja kuelewa nikiwa nakata kola ya sare ya mtoto wa watu, nikaikata vibaya: ile ilikuwa kofia. Kofia ndefu ya yule Mjava.

Unamkumbuka, mpishi mkuu wa hoteli ya stesheni, bosi wa mama miaka kumi na tisa. Supu ya tambi ya Kijapani alifundishwa na Wajapani wenyewe, kisha akaitia viungo vya kwao Java, kwa sababu, alisema, supu isiyo na manjano ni maji yaliyopotea njia. Mama akituletea iliyobaki kwenye kopo la bati, mimi na wewe tukipigania yai. Yai nalikumbuka. Ladha siikumbuki, Mjava alipoondoka nilikuwa na miaka mitano.

Sasa nauliza, na usinizungushe. Daftari la mama lenye jalada la kijani limetoweka tangu wiki uliyoondoka. Alilitafuta miezi miwili, hata nyuma ya jiko, halafu akanyamaza. Liko kwako?

Usipige simu kwa fundi saa. Kengele ikilia hapo jirani mama anajaribu kuinuka, anadhani hotelini wanamwita.

Salamu: nafasi imekwisha.

Kijiko


13 Machi

Mdogo wangu,

Ninalo. Nililitoa kwenye droo asubuhi ile ile niliyoondoka, nikalifunga ndani ya sweta. Nilijiambia nitalirudisha likizo ya kwanza. Likizo nne zimepita na sijaja. Chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta, na Jumapili, badala ya kutazama ukuta, nalifungua. Hata silisomi. Napitisha kidole nyuma ya karatasi, pale alipoikandamiza kalamu mpaka herufi zikatokea upande wa pili.

Kulituma siwezi. Mwezi jana muswada wa sura arobaini umepotea kati ya ghorofa ya pili na ya tatu ya jengo letu wenyewe, sembuse daftari la kuvuka mpaka. Halafu mwandiko wa mama usingeuweza. Kila jina la kiungo kalikata katikati kana kwamba wino unapimwa. Gili, khuli, mchai. Na vitunguu, sikiliza, kaviita "kitu." Kitu 4. Kitu sau 5. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mzee wa meza ya pili akavua miwani kunitazama. Basi nimekunakilia yote, kila neno zima, kwa mwandiko safi. Kutwa nasahihisha vitabu vya watu nisiowajua; cha mama nisishindwe.

Mifupa ya kuku wawili, ichemke saa sita kwa moto mdogo ("isikasirike," kaandika, hilo nimeliacha). Vitunguu vinne, vitunguu saumu vitano, tangawizi na mzizi mwenzake khulinjani, kipande cha kidole kila kimoja, manjano mbichi, giligilani kijiko kimoja, kungumanga sita. Hizo kungumanga zikaangwe kwanza bila mafuta, ndipo zitwangwe pamoja na vingine. Kaanga rojo lako mpaka mafuta yajitenge. Tia kwenye supu na mchaichai uliopondwa na majani ya ndimu, halafu chuja. Tambi zichemshwe kando. Sosi ya soya haiingii sufuriani. Inatangulia bakulini, kisha tambi, kisha supu. Yai dakika sita, kiini kisigande.

Kifurushi kinakuja nyuma ya barua hii: tambi, khulinjani, soya, kungumanga. Muuza viungo aliniuliza, "Sita kwa sufuria moja? Dada, unalisha mtu au unalaza farasi?" Nikamwambia ni mapishi ya Java. Akanyamaza. Watu wakitajiwa mbali hunyamaza.

Mwambie mama ninakuja mwaka huu. Mkurugenzi bado ananitazama kama mgeni, nikiomba ruhusa sasa nitapoteza meza yangu.

Wino


24 Machi

Dada,

Kifurushi kimefika. Khulinjani ulizifunga kwa kurasa zenu za kazi, nikazisoma zote. Mtu kaandika "moyo," wewe umefuta umeweka "roho." Nilikaa nikimhurumia huyo mtu, maana moyo ulikuwa umekaa vizuri tu.

Mama alipokisikia kifurushi kinafunguliwa aligeuza kichwa. Nilimpa khulinjani moja anuse. Ameishika kiganjani tangu jana, ukijaribu kuichukua anakaza. Pete yake imeanguka kwenye beseni wakati namwogesha, wala sikuivuta. Ilitoka yenyewe kama inaaga.

Nina swali moja kabla sijawasha moto, maana vitu ulivyoleta vinatosha mara moja tu. Kungumanga sita? Mimi si mpishi, nashona sare, lakini napajua jikoni kwetu. Kungumanga moja mama alikuwa akiikwangua mwezi mzima na bado inabaki kitako cha kuchezea. Nimeinusa moja nikaona kichwa kinazunguka. Huenda ni moja, kaandika vibaya. Au ni sita kwa sufuria ya hotelini. Liangalie daftari tena, Dada. Nangoja jibu lako. Mama nimemwambia ni wiki mbili. Alifumba macho mara moja, ndivyo anavyosema ndiyo.

Kijiko


31 Machi

Kijiko,

Sita. Nimeangalia mara tatu. Tarakimu ya mama haina shaka, sita yake ina mkia kama wa paka. Na si sufuria ya hotelini, juu ya ukurasa kaandika "ya nyumba."

Siku saba za mama zimepotea barabarani kwa sababu hukuniamini. Unafikiri kazi yangu ni nini? Nalipwa kwa kutokubahatisha. Yeye kapika supu hiyo miaka kumi na tisa, wewe umeinusa mara moja, na tayari unampunguzia. Pika ilivyoandikwa. Usipunguze, usiongeze, usitie akili zako.

Nisamehe ukali. Naogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mwalimu.

Wino


9 Aprili

Dada Wino,

Jana nimepika. Mama amekula. Alikishika kijiko mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akala bakuli zima, na yai. Fundi saa alipita kumjulia hali, akasema nyumba nzima inanukia kama ndani ya kabati la bibi harusi.

Baada ya kuonja alikutaja jina. Wazi kabisa, herufi zote: "Wino."

Basi usiwe na wasiwasi. Ishike meza yako. Usihangaike kutuma vitu vingine, vimebaki vya kutosha.

Nina sare thelathini za kumaliza, kwa hiyo barua hii ni fupi.

Kijiko


17 Aprili

Kijiko wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama ngazini, nikaisoma tena chooni, nikaisoma mara ya tatu mezani nikiwa nimeifunika kwa muswada. Mzee wa meza ya pili aliuliza, "Umepata mchumba?" Nikamwambia mama amekula. Akaondoka akarudi na chai mbili. Mkewe alikwenda kwa njia hiyo, ya kufunga mdomo mbele ya chakula.

Amenitaja. Hilo silimalizi. Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili nimekuwa nikifikiri mama ananiogopa. Unakumbuka siku nilipolichukua daftari lake na kalamu nyekundu ya shule, nikasahihisha kurasa tisa, nikampelekea nikisubiri sifa? Alicheka, akaniita Wino, na jina likaganda. Lakini mbele yangu hakuandika tena. Nilikuwa nikiingia jikoni naye anaweka mkono juu ya karatasi. Barua zake zote huku umeziandika wewe. Sasa ameonja chakula nilichomtafutia, kutoka kwenye mwandiko wake, kwa mkono wangu, na neno la kwanza kumtoka ni mimi. Sijui kama unaelewa. Ni kama amenirudishia daftari akasema lichukue.

Nilijiwekea nusu ya viungo. Jumapili hii napika na mimi, ile ile, kipimo kile kile. Nataka tuwe tumekula kitu kimoja, sisi watatu.

Wino


22 Aprili

Kijiko,

Nimepika. Nilimwalika mzee wa meza ya pili, na mama mwenye nyumba, ambaye haalikwi na mtu. Supu ilikuwa na rangi nzuri. Mama mwenye nyumba alitia kijiko kimoja mdomoni, akakaa nacho, akatafuta mahali pa kutema, hakupaona, akameza. "Binti," akasema, "hii ya kunywa au ya kuchua?" Mzee wa watu alikula vijiko vitatu kwa heshima, kisha akashika meza kwa mikono miwili akaomba maji.

Ni chungu. Si uchungu wa kuungua, ni uchungu wa dawa, ulimi unakufa ganzi. Hakuna mtu mwenye ulimi aliyemaliza bakuli la kitu hiki.

Mama alikula nini? Usinifiche. Niandikie mara moja, ukweli, na umpe kitu kingine, chochote, sukari, maziwa, usingoje barua yangu.

Wino


29 Aprili

Dada,

Barua yako ya tarehe ishirini na mbili imefika leo. Mama amefariki tarehe ishirini na sita, asubuhi, nikiwa napanga kwenye sahani pamba za kumlowanishia midomo. Nilipiga simu kazini kwenu kutoka kwa fundi saa. Mlinzi wenu akasema uko kwenye kikao, nikamwachia neno. Sijui kama alikupa lote. Tumemzika kesho yake. Watu walikuwa wa kutosha. Wahudumu wa hoteli walikuja na mashati yao meupe, mmoja akakaa jikoni saa nzima anatazama sufuria zetu.

Umeomba ukweli. Alionja kijiko kimoja. Tena nusu. Alikishikilia mdomoni muda mrefu, nikaanza kufurahi, nikasema ndani ya roho yangu, anakumbuka. Halafu akakiachia kikashuka kidevuni. Akanitazama, akasema "Wino." Hilo halikuwa uongo. Nikadhani anakuita. Nikamwambia yuko mbali, mama, atakuja, wewe meza tu. Akafunga mdomo, na tangu hapo hakuufungua tena kwa chakula. Siku kumi na nane. Hata ile khulinjani aliiacha, nikaikuta chini ya kitanda.

Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa umefanya sehemu yako na mimi nimeiharibu yangu. Nadhani ni kukaanga. Nilizikaanga mpaka zikanuka kama sabuni, nikajua nimezidisha moto, na nikaendelea kwa sababu vilikuwa vya mara moja tu. Mimi mwenyewe nilionja kabla yake, nikaona uchungu, nikajiambia labda ndivyo Java walivyo. Umeona ujinga? Nilimlisha mama kitu ambacho nilikuwa nimekitema.

Wewe yako imekuwa chungu kwa sababu hujui kupika. Usijisumbue na hilo. Mkono ulioua hamu yake ni wa kwangu.

Kijiko


8 Mei

Mdogo wangu,

Mlinzi alinipa nusu. "Nyumbani wamepiga." Nilidhani ni jibu langu, kwamba umeamua kusema kwa simu. Nilingoja mpaka nikapokea barua. Nikaenda kukata tiketi ya basi, siku tatu njiani. Nikarudi nayo chumbani, maana ningefika kutazama nini.

Ninalo jambo la kukuambia, na nilikuwa nalijua tarehe ishirini na mbili, nilipokuandikia kama hakimu. Wageni wangu walipoondoka nililifungua daftari. Mara hii nililisoma.

Hakuna kungumanga. Kaandika "kungu 6, zikaange."

Nilidhani kalikata neno kama alivyoyakata mengine. Gili nikaifanya giligilani, kitu nikakifanya kitunguu, mchai nikaufanya mchaichai, na nilipofika kwenye kungu mkono ulikuwa umeshazoea kumalizia. Sikusimama hata kupumua. Katika viungo vyote vya ukurasa ule ni jina moja tu mama aliliandika lote, mwanzo hadi mwisho, na ni hilo moja nililoliongezea mkia.

Kungu, Kijiko. Za mkungu wetu wa uani. Tulizokuwa tukipasua kwa mawe, mimi na wewe, tukizichimbua kiini kwa pini ya nywele. Pembeni, kwa herufi ndogo, kaandika: "za Mja hazipo, hizi zafaa." Yule Mjava alikuwa na aina yake ya kungu, yenye mafuta, ya kuipa supu uzito, zilipokosekana mama akaokota zetu. Nilikuwa nimeyaona maneno hayo. Niliyaruka. Nilidhani ni gumzo.

Uliniuliza, nami nikakutukana. Muuza viungo aliniuliza, nikamnyamazisha. Nililiangalia daftari mara tatu, kama nilivyosema, na mara tatu zote niliiangalia sita.

Hukuunguza kitu. Ile harufu ya sabuni ndiyo kungumanga yenyewe. Kama ningekutumia daftari, wewe uliyeuzoea mkono wake, uliyemwandikia barua miaka yote hii, ungesoma kungu ukatoka nje kuokota. Sikulituma kwa sababu nililitaka liwe langu. Posta haijapata kunipotezea kitu. Muswada wa sura arobaini ulipatikana siku ya pili, chini ya buli.

Natuma daftari. Sitaki unisamehe kwa barua. Mimi kutwa ofisini naweka alama pembeni za watu, lakini tangu juzi nashindwa kugusa hata nukta. Mkurugenzi anasema nipumzike. Sina pa kupumzikia.

Wino


19 Mei

Dada,

Daftari limefika salama. Hata kona haikukunjika.

Nimekaa nalo siku mbili kabla ya kulifungua. Nimefika kwenye zile kurasa tisa zenye wino wako mwekundu. Umemwekea hata alama: kumi na moja juu ya ishirini. Chini yake, kwa penseli, mama kajaribu kuandika tena neno "giligilani." Kalijaribu mara nne. Mara zote kakosea, mara ya nne kakaribia sana. Baada ya hapo ndipo maneno yanapoanza kukatika. Kurasa za mwanzo, kabla ya wino wako, kayaandika mazima, yana makosa lakini ni mazima. Sikwambii haya kukuumiza. Nakwambia kwa sababu ni wewe na mimi tu tuliobaki wa kuyajua.

Na lile neno lake. Wiki zote hizi nimelibeba kama zawadi yako, nikijiambia angalau nilimfikishia Wino kwamba aliitwa. Sasa najua alichokuwa nacho mdomoni alipolisema, na sijui tena kama alikuita au alikutambua. Nayaona macho yake. Hayakuwa na hasira, hilo naweza kuliapia. Yalikuwa kama ya siku ile uliyompelekea daftari, naye akacheka kwanza kabla ya kuweka mkono juu ya karatasi. Naligeuza upande huu, naligeuza upande ule. Halikai.

Jana nilitoka uani. Kungu zimejaa chini, hakuna anayeziokota, nyingine zilikuwa dirishani kwake kabisa. Nilizipasua kwa jiwe lile lile la kufulia. Nikatoa viini sita, nikavikaanga mpaka vikawa rangi ya chai, havikunuka sabuni, vilinuka mkate. Mifupa nikaichemsha tangu asubuhi, na haikukasirika. Nimetumia ile khulinjani yake, niliyoikuta chini ya kitanda. Nilisuuza vumbi tu. Soya ikatangulia bakulini. Yai dakika sita.

Nilipakua mabakuli mawili kwa mazoea, nikakaa kwenye kiti ninachomlishia.

Usije sasa. Siwezi kukuona bado. Nikiweza nitakuandikia neno moja, utalisoma lilivyo, wala usilimalizie.

Mimi nilikuwa nimeshajiandaa. Nilijiambia hata hii itakuwa mbaya, kwamba mgonjwa hana ulimi, kwamba asingekula hata ingepikwa na Mjava mwenyewe na kofia yake. Nilikuwa naitaka iwe mbaya kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Ni tamu, Dada. Ni tamu sana. Nimemaliza langu, nikala na la kwake.

Kijiko